Ombi la Bunduki Nyepesi Isiyoua Kwale

Mtangawanda, Kisiwani Pate
Jumapili, siku chache kabla ya mtama kuiva

Kwa Bi Cherono,
Afisa wa Vibali vya Silaha,
Amu.

Bi Mheshimiwa,

KUH: BUNDUKI YA SHEMEJI YANGU NI NZITO, INA KISHINDO KUPITA KIASI, NA SASA INATAKA KUNITOA KAZINI

Salamu nyingi zikufikie hapo ofisini, wewe na hicho kiti chako kinacholia kila ukigeuka. Mimi ni Nabhan Harith, mkulima wa mtama na ufuta, mwenye umri wa miaka sitini na sita, mke mmoja, punda wawili, na magoti ambayo nitayataja huko mbele. Bila shaka wanikumbuka. Mwaka jana ulipokuja kwa boti kukagua bunduki ya shemeji yangu Taha, mimi ndiye niliyekushika mkono usianguke gatini, na mke wangu Nana ndiye aliyekuandalia mahamri. Ulikula matano, ukasema kwenu bara hujapata kuyaonja kama yale. Nana amelisimulia jambo hilo kwa kila mtu, hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Nakuandikia kulalamika. Si tabia yangu. Katika maisha yangu nimelalamika kwa maandishi mara tatu tu, na mara mbili kati ya hizo haki ilikuwa yangu.

Ili usipotee, naanzia mwanzo. Mimi na Taha, ambaye amemuoa dada yangu Hayat, tuna shamba moja hapa, mwendo wa nusu saa kwa punda kutoka gatini. Mtama ukianza kujaza, kwale huingia makundi kwa makundi, wakatembea humo shambani kama wenye hati ya ardhi. Taha alirithi kwa babake bunduki ya marisau, zile punje ndogo za risasi, ile ya mitutu miwili, na ni wewe mwenyewe unayemtilia muhuri kibali chake. Kibali kimeandikwa kwamba bunduki ni ya kufukuza ndege waharibifu. Kufukuza, Bi. Neno hilo tumelisoma na tunaliheshimu. Kila Jumatano asubuhi twaenda kuwafukuza. Ila kwale hawafanani, na wako wengine ambao hufukuzika kupita kiasi, wakaanguka.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Wewe ni mgeni wa dini yetu, kwa hivyo niruhusu nikueleze kwa ufupi. Kwetu sisi ndege hawi halali kwa sababu ya marisau. Marisau humuangusha tu. Lazima akutwe bado ana uhai, aelekezwe kibla, mtu aseme Bismillahi, kisha kisu kipite. Akikata roho kabla kisu hakijafika, huyo ni mzoga, hata awe amenona vipi, na hakuna mtu Pate nzima atakayemtia chunguni. Basi kila mpigaji ana haja ya mtu wa kisu. Taha ni mpigaji. Mimi ni mtu wa kisu, na huu ni mwaka wa thelathini na moja. Bunduki ikilia, mimi hukimbia. Ule muda mdogo baina ya ndege kuanguka na ndege kukata roho, Bi Cherono, ndimo nilimoishi maisha yangu.

Wala si kisu peke yake. Ulituamuru bunduki ikae ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli mbili. Taha ana ufunguo mmoja, mimi nina mmoja, na hapana awezaye kulifungua pasipo mwenzake. Wangu nimeuvaa shingoni. Siuvui hata nikioga, na umeshaniachia alama ya kijani kifuani ambayo Nana asema haitatoka tena.

Sasa sikia ya shemeji. Wiki mbili zilizopita dada yangu Hayat alikuja kwangu ameshika bakuli la mchuzi, nayo kwa Hayat ni dalili ya habari mbaya. Akaniambia kwamba tangu mwaka jana hajaonja kwale hata mmoja. Kwamba kila Jumatano twarudi mikono mitupu. Kwamba mimi hufika ndege wameshakufa. Na kwamba wameona, yeye na Taha, ni vyema nipumzishwe, msimu huu kisu apewe Husni, nami niurudishe ufunguo kabla mtama haujaiva.

Husni ni mpwa wa Taha, mwalimu wa michezo, mtu wa miaka thelathini na minne mwenye viatu vya kukimbilia vya rangi ya chungwa. Hana ubaya. Hupuliza filimbi hata akiwaita wanawe kula, lakini hana ubaya. Kumpa kisu changu, hata hivyo, ni dhuluma, na ufunguo sitoi. Nilikasirika siku ile hata nikalimaliza bakuli lote bila kujua ulikuwa mchuzi wa nini.

Nilipotulia nikafikiri, nikaona kosa si la magoti yangu. Kosa ni la bunduki. Malalamiko yangu ni haya.

1. Bunduki hii ni nzito. Haya si maoni yangu, imepimwa. Nililivalia njuga jambo hili siku ile Taha alipoitoa kwenda kuikaza parafujo, nikamshawishi tupitie gatini kwa Bi Mueni, yule mama mfanyabiashara anayenunua pweza na changu, tukaitundika kwenye mizani yake. Ilikuja kilo nne kasorobo. Mueni alikuwa na wateja wengi, hakugeuka kutazama, akauliza tu kama imeshatolewa matumbo. Abiria waliokuwa wakishuka kutoka boti ya Amu walipoiona bunduki inaning'inia walirudi botini wote, na nahodha akaondoka nao. Nachukua nafasi hii kuwaomba radhi.

Bunduki nyepesi ya kuwindia ndege, ile ya namba ishirini ambayo bomba lake ni jembamba kuliko hii yetu ya namba kumi na mbili, haifiki kilo tatu. Nimeiona kwenye simu ya Husni. Nilimwambia naangalia hali ya hewa. Taha ana miaka sabini na bega lake la kulia limeshuka kidole kizima. Akianza kuinyanyua bunduki yake, shughuli huwa ndefu, hata wako kwale ambao hushiba wakaondoka zao kabla hajamaliza. Akishaipata begani amechoka, hupiga haraka haraka na wakiwa mbali, na mimi ndiye niongezewaye mwendo. Uzito aubeba yeye, malipo nayatoa mimi kwa magoti.

2. Bunduki hii haikukatwa kwa mwili wa Taha. Marehemu babake alikuwa mrefu, mwenye mikono mirefu, na kitako kilichongwa kwa kipimo chake. Taha ametoka kwa mamake. Akiiweka begani shavu halifiki pahala pake, jicho lapotea, na mtutu huelekea mbinguni. Hili nina ushahidi. Mwezi uliopita alipiga kwale aliye chini kabisa, penye shina la mtama, ikaanguka nazi. Jumatano ya pili likaanguka kuti. Jumatano ya tatu ziliteremka nazi mbili kwa pamoja, moja ikapita karibu na sikio langu nami ndio kwanza naanza kukimbia. Mtu akienda kushona kanzu fundi humpima mabega na mikono. Iweje bunduki, ambayo ni hatari zaidi kuliko kanzu, mtu airithi vivi hivi?

3. Naambiwa kwamba bunduki ikiwa nyepesi hupiga teke zaidi, kwa kuwa hakuna uzito wa kulimeza teke lenyewe. Kwa bega la Taha hilo haliwezekani. Kwa hivyo naomba iliyo nyepesi na isiyopiga teke. Ukisema vitu hivyo havikai pamoja, basi risasi zipunguzwe baruti. Ukishapunguza baruti mambo mengi yatapoa, kama nitakavyoeleza.

4. Kishindo. Hili ndilo lalamiko kuu, na naomba ulisome ukiwa umeketi. Tangu mwaka jana kwale wote ninaowafikia nawakuta wamekufa, na hawana hata tundu moja la marisau. Nimewageuza. Nimetazama chini ya mbawa, shingoni, kifuani. Hakuna damu, hakuna unyoya uliovunjika. Maana yake nini? Maana yake bunduki hii inaua kwa kishindo. Kwale akiisikia tu moyo humpasuka, na mimi hata ningekuwa na viatu vya rangi ya chungwa nisingemuwahi, kwa sababu sauti hufika kabla ya mtu. Hata Husni hawezi kuikimbiza sauti. Mwambie Hayat hivyo ukionana naye.

Wamekufa kweli, Bi, nathibitisha kwa maandishi. Nimewatia kikapuni mmoja mmoja nikiwa na huzuni na kuwapeleka nyuma ya nyumba yangu, karibu na banda la kuku, kuwazika. Hakuna haja ya mkaguzi yeyote kufika huko. Njia ina miba.

5. Matunzo. Hapa nazungumza kama mtaalamu, kwa sababu kila Jumapili ni mimi niisafishaye. Taha huketi karibu akaniangalia na kunisimulia habari ambazo nimeshazisikia. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi huila bunduki polepole, hujui mpaka siku utakapopitisha kidole ukatoka na unga mwekundu. Ni lazima nifungue, nitoe mitutu, niipitishie ufito wenye kitambaa kikavu, kisha wenye mafuta, kisha kikavu tena, niichungulie kwenye mwanga mpaka ndani kuwe kweupe. Kwa miaka mingi nilitumia mafuta yetu ya ufuta. Yakawaleta siafu, wakafuatana kutoka mlangoni mpaka kwenye sanduku, na siku Taha alipoiweka bunduki shavuni wakampanda ndevu. Tangu hapo nanunua mafuta ya cherehani, tone moja pale penye bawaba, tone moja penye kufyatulia, basi. Yakizidi hushika vumbi.

Na nyigu, Bi Cherono. Wale wanaojenga kwa udongo. Tuliiacha wazi siku moja tu, siku ya arusi ya binti wa Taha, na nyigu akajenga nyumba ndani ya mtutu wa kushoto. Ningekuwa mtu asiyechungulia, Taha angepiga siku ile na leo ningekuwa na dada mjane. Sikumwambia Taha ilivyonitisha. Niliketi nikautoa ule udongo kwa ufito, kidogo kidogo, naye anasimulia habari ya mpira wa mwaka sabini na nane. Je, Husni atachungulia? Husni hata soksi zake hajui zilipo, mkewe amemwambia Nana.

Kitambaa ninachotumia ni kipande cha leso ya Nana, ambayo asema nilimpasulia bila ruhusa. Hilo si la ofisi yako, ila nimelitaja asije akaliandikia barua yake.

6. Mtama wapungua hata ghalani. Kibaba kizima kwa siku. Hii yaonyesha kwale wamekuwa wengi mno na kwamba jambo hili ni la dharura.

7. Nina haki ya kukimbia pole pole katika umri wangu.

Sasa ombi. Nimekaa na Nana, tukapima kila kitu kwa haki, ili usije ukasema mzee wa Pate ameomba tu kitu alichokiona kwenye simu.

Tulianza na mwendo. Nana alisimama penye mnazi ameshika simu, mimi nikakimbia hatua arubaini na kisu mkononi. Alisema alihesabu mpaka mia moja na ishirini, na kwamba katikati nilisimama kumwamkia mtu. Basi bunduki inayotakiwa ni ile itakayomuangusha kwale akabaki hai kwa hesabu ya mia na ishirini, na tuseme mia na hamsini kwa siku za mvua. Hii ya Taha haifai kabisa. Hata ile ya namba ishirini nahofia ina nguvu.

Tukapunguza masafa. Bunduki isiyopiga zaidi ya hatua kumi itanitosha, kwa sababu hatua kumi naziweza hata nikiwa nimeamka vibaya. Lakini kwale aliye hatua kumi marisau humkuta yote kwa pamoja, akafa papo hapo, na sheria ya dini ikatupita. Basi marisau yawe madogo zaidi. Tukatafuta kitu kidogo, kilicho duara, chepesi, kisichoumiza, ambacho twakipata hapa hapa bila kukusumbua wewe na vibali vyako. Nana akasema, si mtama.

Nililifikiria hilo siku mbili. Bunduki ikitiwa mtama badala ya marisau, na baruti kidogo sana, mtama utamwagika kiasi cha hatua kumi mbele ya mpigaji. Kwale watakuja kuula. Wakila watakaa. Wakikaa watakuwa hai, wametulia, karibu, na mtu wa kisu atafika kwa wakati wake, ameshatia udhu, ameshasalimiana na watu. Ndipo nikaona kwamba baruti yenyewe haina kazi tena, yawashtua tu. Tukaiondoa. Na baruti ikiondoka, risasi ya nini? Tukaiondoa nayo.

Kwa hivyo, Bi Mheshimiwa, baada ya uchunguzi wote naona kwamba bunduki bora ya kuwindia kwale kwa halali ni bunduki nyepesi isiyo na risasi. Haipigi teke. Haiangushi nazi. Haiui kwa kishindo. Haihitaji mafuta mengi, nyigu akijenga ndani haina hatari, na kwa usalama wa nchi hakuna silaha iliyo bora zaidi, hata wakubwa wako watakusifu. Mpigaji akiwa na bunduki ya namna hiyo, mtu wa kisu aweza kuwa na magoti ya aina yoyote. Haitakuwa na maana tena kumtafuta mtu wa mbio. Husni atabaki na filimbi yake, mimi nitabaki na ufunguo wangu, na Jumatano zetu zitaendelea mpaka Mwenyezi Mungu atakapotuita mmoja wetu, na hapo mwingine atabaki na sanduku asiloweza kulifungua. Hiyo nayo ni sawa.

Nataka Jumatano zangu, Bi. Nasema wazi. Mke wangu ninampenda, lakini thelathini na moja ni miaka mingi, na sijui mtu hufanya nini siku ya Jumatano asubuhi.

Naomba basi umwandikie Taha umwamuru abadilishe bunduki, na kwenye kibali kipya uongeze mstari mmoja kwamba mtu wa kisu habadilishwi. Muhuri ukiwa mkubwa itasaidia.

Nisalimie yule bwana wa mapokezi anayenisomea fomu, na yule askari wa mlangoni aliyenikopesha mwavuli, nitaurudisha. Nana akusalimu na asema mahamri yako tayari siku yoyote. Punda hawajambo. Wasalimie wazee wako huko kwenu, waambie binti yao ameheshimika huku pwani, na kila asubuhi upitapo penye soko wasalimie na wa sokoni, hata usiowajua.

Nabaki kwa heshima na kwa ufunguo shingoni,

Nabhan Harith,
Mtu wa kisu.

NYONGEZA: Hayo yote niliyaandika jana. Leo ni Jumatatu na boti bado haijaondoka, kwa hivyo nina nafasi ya kusema ukweli.

Sikuwa na bahasha. Nikasikia Taha aenda Amu, nikampelekea barua hivyo hivyo, imekunjwa, nikamsihi asiisome. Aliisoma. Aliketi barazani kwake akaisoma kurasa zote nane, kisha akainuka, akaja kwangu, hakubisha hodi, akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba. Njia haina miba, Bi. Hilo nilikudanganya.

Kwale hawakufa. Hata mmoja. Yule wa kwanza, mwaka jana, nilimuokota kama ninavyookota siku zote, nikamuelekeza kibla, nikasema Bismillahi, naye akafumbua jicho, akajikung'uta vumbi, akalia mkononi mwangu kama aliyeamshwa kwa makosa. Mkono ulikataa. Miaka thelathini haukukataa, siku ile ukakataa, na niliona haya hata nikamtia kikapuni nikamwambia Taha amekufa. Baada ya hapo sikuweza tena kurudi nyuma. Wakawa wawili, wakawa watano. Wamo bandani, na kile kibaba cha mtama cha kila siku Nana ndiye anayekipeleka.

Taha alipofungua banda nilijua nimeumbuka. Nikauvua ufunguo nikamnyoshea. Hakuupokea. Alichutama pale mlangoni, bega lake lile limeshuka, akawatazama, akasema: "Shemeji, kwani we wadhani mimi hulenga?"

Kumbe mwaka jana aliniona nimeushika mnazi baada ya kukimbia, sipati pumzi, akaogopa. Tangu siku ile hupiga juu, penye nazi, asimuangushe ndege nami nisikimbie. Kwale husikia kishindo wakalala chini kimya, ndivyo wafanyavyo wakiogopa, nami naja na kikapu nawaokota wazima. Mwaka mzima amekuwa akishangaa waanguka vipi. Alifikiri macho yake yameharibika, akaona haya kuniambia. Habari ya Husni ilikuwa ya Hayat, aliyekosa mchuzi, na Taha aliitikia kwa sababu hakujua amwambie mkewe nini.

Kwa hivyo Bi, tafadhali usibadilishe kitu. Bunduki ni nzito kiasi kinachofaa, na kitako kinamkaa Taha vizuri sana. Kibali chako kinasema kufukuza, na imebainika kwamba mwaka mzima tumekitii bila kujua. Taha anapanda boti hii hii kununua kuku wawili wadogo wa Jumatano, Hayat awale akidhani ni kwale. Naomba jibu lako lisipitie kwa dada yangu.

Ufunguo ninao. Kisu nimempa Nana, anakatia mboga. Ukitaka kuja kukagua, karibu, nitakushika mkono tena gatini. Utawakuta kwale kumi na mmoja. Jana walikuwa kumi, mmoja amekuja mwenyewe.